Mama si mnene, mafuta ya kwenye ini yametoka wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kirumba, Mwanza. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, anauza dagaa pale Mwaloni, na tangu tunamjua ni mwembamba, kilo 58. Mwaka jana aliambiwa ana kisukari aina ya pili. Mwezi uliopita alipigwa ultrasaundi, wakamwambia ini lina mafuta. Hatukuelewa, maana tulijua mafuta ni ya watu wanene. Sasa mjini kuna unga wa majani unauzwa, wanasema unaotesha mishipa mipya ya damu ili mafuta yasafirishwe na kuunguzwa. Kaka yangu aliye chuoni anasema amesoma kwamba kweli mishipa ina vichocheo vinavyoongoza mafuta. Mama ameshanunua kopo la kwanza. Je, kuna ukweli? Na mdogo wangu wa miaka 30, naye mwembamba, apimwe?"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako amesoma jambo la kweli. Muuza unga amelichukua jambo hilohilo akalipindua. Mwambie mama aache huo unga leo, aendelee na vidonge vyake vya sukari kama alivyoandikiwa, halafu tukae tulizungumze polepole, kwa sababu jibu la swali la mafuta ya ini na la unga linaanzia mahali pamoja: ukuta wa mshipa wa damu.

Tufuate mafuta yenyewe. Mtu amekula sangara wa kukaanga na chipsi saa saba mchana. Mafuta yale huvunjwa kwenye utumbo mwembamba kwa msaada wa nyongo, yakaingia ndani ya seli za utumbo, na humo yakaunganishwa upya na kufungashwa katika chembe ziitwazo kilomikroni. Chembe hizi ni kubwa mno, haziwezi kuingia moja kwa moja kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo. Huingia kwenye mishipa ya limfu, zikapanda nayo kifuani, zikamwagika kwenye damu chini ya mtulinga wa kushoto. Ukimtoa mtu huyo damu saa chache baadaye, ukaizungusha kwenye mashine ya maabara, chembe nyekundu zinatuama chini. Majimaji ya juu, ambayo kwa mtu aliyefunga huwa ya manjano na maangavu, yanakuwa na ukungu. Na kwa mtu ambaye trigliseridi zake, yaani mafuta ya kwenye damu, zimepanda sana, yanakuwa meupe kabisa, rangi ya maziwa. Ukiweka kalamu nyuma ya tyubu huioni. Yale ni mafuta yaliyo safarini, bado hayajafika popote.

Na safari haiishii kwenye damu. Msuli, moyo na ini havili mafuta yanayopita tu. Lazima yatoke ndani ya mshipa, yavuke ukuta wake, yaingie kwenye seli. Kwa miaka mingi mafundisho yetu yaliruka hatua hii, mshipa ukahesabiwa kuwa njia tu. Mama yako anajua kuliko mimi kwa nini hilo halitoshi. Mtumbwi ukifika Mwaloni umesheheni, dagaa hawaendi sokoni wenyewe. Wapo wanaopakua, wapo wachukuzi, na wapo wenye mali huko juu wanaotuma ujumbe kwamba leo leteni magunia mengi, au leo acheni kwanza. Mishipa midogo kuliko yote, kapilari, ndiyo mwalo wa mwili. Kwenye ukuta wake wa ndani kuna kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipase kinachofungua ule mzigo na kuachilia asidi za mafuta. Kisha seli za ukuta zenyewe hutumia protini za uchukuzi kuzivusha upande wa pili. Idadi ya wachukuzi hao haiko palepale. Inaongezwa na kupunguzwa kwa ujumbe, na baadhi ya wanaoleta ujumbe ndio hao vichocheo vya ukuaji wa mishipa aliosoma kaka yako.

Familia yao hujulikana kwa kifupi VEGF. Wa kwanza kugunduliwa alionekana mwaka 1983 huko Boston, pale Donald Senger na Harold Dvorak walipokuta protini kwenye majimaji ya uvimbe wa saratani inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California waliisafisha na kuusoma mpangilio wake, ikajulikana kwamba ndiyo inayoifanya mishipa ichipue. Leo tunaiita VEGF-A. Tishu ikikosa oksijeni huitoa, na mishipa mipya huota kuelekea kule ilikotoka. Bila hiyo mtoto tumboni hawezi kuumbika. Baadaye ndugu zake wakajulikana: VEGF-C, inayotunza mishipa ya limfu, ikiwemo ile inayobeba mafuta kutoka utumboni, na VEGF-B, iliyogunduliwa mwaka 1996 na timu za Ulf Eriksson wa Sweden na Kari Alitalo wa Finland.

VEGF-B iliwasumbua watafiti. Jina lake linasema inakuza mishipa, lakini kazi hiyo inaifanya kwa udhaifu. Panya waliofutiwa jeni yake waliendelea kuishi na kuzaana. Inapatikana kwa wingi kwenye moyo, kwenye misuli na kwenye mafuta ya kahawia, yaani mahali panapounguza nishati nyingi. Sasa inafanya nini huko?

Mwaka 2010 kundi la Eriksson kule Taasisi ya Karolinska, Stockholm, likatoa jibu ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa mambo mazuri yaliyopata kuandikwa kuhusu umetaboli. Jeni ya VEGF-B huwashwa pamoja na jeni za mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyounguza chakula. Maana yake, msuli wenye uwezo mkubwa wa kuunguza hutoa VEGF-B nyingi. Protini hiyo inatoka kwenye msuli, inaufikia ukuta wa kapilari ya jirani, inashika vipokezi vyake viwili, VEGFR1 na neuropilini 1, na seli za ukuta zinaongeza protini mbili za kuvusha mafuta, FATP3 na FATP4. Kwa hiyo msuli unaagiza mafuta kadiri ya uwezo wake wa kuyatumia. Angalia jinsi ilivyopangwa vizuri: anayeagiza mzigo ndiye atakayeutumia.

Panya wasio na VEGF-B walionyesha upande wa pili. Mafuta kidogo zaidi yaliingia kwenye misuli na moyo wao. Moyo ukageukia sukari zaidi. Na yale mafuta yaliyokosa pa kushukia hayakupotea, yalikwenda kwenye ghala lake halali, mafuta meupe ya chini ya ngozi na ya tumboni, panya wakanenepa kidogo. Soma sentensi hiyo mara ya pili, mwanangu, kwa sababu ndiyo inayomhusu mama. Panya walinenepa kidogo, na viungo vyao vikawa na mafuta machache. Unene unaoonekana kwa macho na mafuta yaliyoingia mahali pasipo pake ni mambo mawili, na yanaweza kwenda kinyume.

Kwa nini mafuta yakiwa nje ya ghala ni hatari? Seli ya msuli au ya ini ina nafasi ndogo ya kuyahifadhi. Yakizidi, mabaki yake, kama diasiligliseroli na seramidi, huingilia ujumbe wa insulini ndani ya seli. Insulini inabisha hodi, seli haifungui, sukari inabaki kwenye damu. Kongosho linaongeza juhudi mpaka linachoka. Kwa wengi ndivyo kisukari aina ya pili kinavyoanza, na kinaweza kuanza hivyo kwa mtu ambaye mizani haimwoni. Kila mtu ana kiwango cha mafuta ambacho ghala lake la chini ya ngozi linaweza kubeba, na kiwango hicho hakilingani. Mmoja anafika kilo 100 ini lake likiwa safi. Mwingine ghala linajaa akiwa na kilo 58.

Mwaka 2012 kundi lilelile la Karolinska lilikwenda hatua moja mbele. Panya wenye kisukari walidungwa kingamwili inayozuia VEGF-B. Mafuta kwenye misuli yakapungua, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi, na seli za kongosho zikahifadhika. Magazeti yalifurahi, na nadhani hapo ndipo habari kama ile ya kaka yako zilipozaliwa. Lakini ona upande ambao dawa ilielekea: walizuia kichocheo. Muuza unga anadai anakiongeza.

Halafu mambo yakawa magumu. Maabara nyingine zilipofuta VEGF-B kwa panya hazikuona nafuu hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Helsinki walifanya kinyume kabisa, wakawapa panya wanene VEGF-B zaidi, na insulini yao ikafanya kazi vizuri. Maelezo yao yana mantiki. VEGF-A nyingi hushikwa na kipokezi VEGFR1 bila kufanya kazi kubwa; VEGF-B ikija na kukalia nafasi ile, VEGF-A inaachiliwa, inakwenda kwenye kipokezi kingine, VEGFR2, na kapilari zinaongezeka ndani ya mafuta meupe. Ghala lenye damu ya kutosha linapokea mzigo vizuri na halipati uvimbe wa ndani. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2002 ilijulikana kwamba panya wanene wakipewa dawa za kuzuia mishipa isiote, mafuta yao hupungua, kwa sababu tishu ya mafuta nayo haiwezi kukua bila damu. Na mwaka 2018 kundi la Anne Eichmann wa Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha jambo jingine tena. Panya walioondolewa neuropilini 1 na VEGFR1 kwenye kuta za mishipa walibaki na VEGF-A nyingi huru, na hiyo ilizibana nafasi zilizo kati ya seli za mishipa ya limfu ya utumbo. Kilomikroni hazikupita. Panya walilishwa mafuta mengi na hawakunenepa, yakatoka kwenye choo.

Kwa hiyo kichocheo kilekile, VEGF-A, kikiongezeka kwenye utumbo kinazuia mafuta yasiingie, kikiongezeka kwenye tishu ya mafuta kinapanua ghala, na ndugu yake, VEGF-B, kikiongezeka kwenye msuli huenda kikaujaza mafuta au la, kulingana na unauliza maabara gani. Mimi msimamo wangu ni kwamba kila kundi lilipima kitu cha kweli kwenye panya wake, na kwamba mahali kichocheo kilipo kunaamua kuliko wingi wake. Hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa kutibu kisukari kwa kuongeza au kupunguza VEGF-B kwa binadamu. Unga wa majani hauwezi kuchagua kapilari ipi iguswe na ipi iachwe. Na VEGF yenyewe ni protini. Ingekuwemo ndani ya kopo, tumbo lingeimeng'enya sawa na linavyomeng'enya nyama.

Sasa kuna jambo kuhusu tangazo lile linalonikera sana, na nataka ulifikishe kwa mama kwa maneno haya haya. Kwa mwenye kisukari, mishipa mipya kuota ovyo ni moja ya madhara tunayoyaogopa zaidi. Nyuma ya jicho kuna pazia la neva liitwalo retina. Sukari ya muda mrefu huharibu kapilari zake, retina inakosa oksijeni, inatoa VEGF-A, na mishipa mipya inaota. Mishipa hiyo ni dhaifu, huvuja na kupasuka. Mgonjwa anaamka anaona vitu vyeusi vinaelea, au pazia jeusi limeshuka upande mmoja. Ndiyo maana madaktari wa macho hudunga ndani ya jicho dawa za kuizuia VEGF. Mtu anayemwuzia mgonjwa wa kisukari ahadi ya kumwoteshea mishipa anamwuzia, bila kujua, kile ambacho hospitali inakizuia kwa sindano. Bahati ni kwamba unga huo hauwezi kuifanya kazi inayotajwa. Hatari yake halisi ni nyingine: hakuna anayejua kimewekwa nini ndani, ini la mama tayari lina mzigo, na mtu akianza kuamini kopo huacha vidonge. Mbebe mama na kopo lake hadi kliniki, mumwonyeshe daktari anayemhudumia. Na kama hajapimwa macho tangu aambiwe ana kisukari, apimwe mwezi huu, kwa kupanuliwa mboni, hata kama anaona vizuri. Anayeona vizuri ndiye anayefaidika zaidi na kipimo hicho.

Turudi kwenye ini, maana kanuni zake ni tofauti na za msuli. Kapilari za msuli zina ukuta uliofungwa, ndiyo maana wachukuzi wanahitajika. Kapilari za ini zina matundu madogo, na VEGF-A ndiyo inayosaidia kuyaweka wazi. Mabaki ya kilomikroni hupita humo kwa urahisi. Ini kwa hiyo hupokea karibu kila kinacholetwa na damu, na swali linakuwa: damu inaleta nini? Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulifuatilia asili ya mafuta kwenye ini za wagonjwa wenye tatizo hili. Karibu asilimia 59 yalitoka kwenye asidi za mafuta zilizokuwa zikizunguka kwenye damu, ambazo nyingi huachiliwa na ghala la mwili lenyewe. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini, kutokana na wanga na sukari. Asilimia 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Wagonjwa wale walikuwa wanene, hivyo namba za mama zinaweza kutofautiana, lakini mpangilio wake unafundisha. Insulini isipofanya kazi, ghala halifungwi vizuri, linavujisha mafuta mchana na usiku, na ini linayapokea. Juu yake, chai yenye vijiko vinne vya sukari, soda ya mchana na mlima wa ugali vinageuzwa mafuta ndani ya ini lenyewe. Kwenye ultrasaundi waliona ini linang'aa kuliko figo ya kulia iliyo karibu nalo. Kwa kawaida rangi zao hukaribiana.

Kabla ya kuamua kwamba ni kisukari pekee, muulize daktari kama mama amepimwa homa ya ini B na C, na awe mkweli kuhusu pombe na kila dawa anayotumia, ya hospitali na ya kienyeji. Na kama amekuwa akipungua uzito bila kujaribu, hilo ni jambo jingine, arudi haraka. Kisukari cha mtu mwembamba wakati mwingine si aina ya pili.

Kama yote hayo ni sawa, kazi iliyobaki ni kubwa na haina gharama ya kopo. Msuli unaofanya kazi unachukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu, na mazoezi ya wiki kadhaa huufanya utoe VEGF-A yake wenyewe na kuongeza kapilari mahali panapotakiwa, ndani ya msuli. Hiyo ndiyo mishipa mipya ninayomtakia mama. Wanariadha wa mbio ndefu wana mafuta mengi kwenye misuli, wakati mwingine sawa na wagonjwa wa kisukari, na insulini yao inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu mafuta yao huingia na kuunguzwa kila siku. Najua atasema kazi ya Mwaloni inatosha. Kuchambua na kuuza dagaa kunachosha mgongo, lakini saa nyingi ni za kukaa au kusimama mahali pamoja. Atembee dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo. Mwanza haijatunyima vilima; akipanda ngazi za mawe za mtaani polepole, mara nne au tano kwa wiki, mpaka pumzi ibadilike lakini bado aweze kuongea, anafanya zaidi ya yaliyoandikwa kwenye lebo ile. Kama miguu ina ganzi au kifua kinabana akitembea, aonwe kwanza.

Kwenye chakula, aanze na vinywaji: soda na juisi ziondoke, chai isiwe na sukari. Ugali upungue hadi saizi ya ngumi yake, nafasi ichukuliwe na mchicha, kunde, matembele. Samaki asiachwe. Sato wa mchemsho ni bora kuliko wa kukaanga, na dagaa wake mwenyewe ni chakula kizuri, ilimradi mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kwa mtu mwembamba, kupunguza asilimia 3 hadi 5 ya uzito kunaweza kupunguza mafuta ya ini. Kwa mama hiyo ni kama kilo mbili au tatu, na asizipunguze bila daktari wake kujua, wala kwa kufunga kula huku akimeza vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Na mdogo wako: ndiyo, apimwe. Mzazi mwenye kisukari ni sababu ya kutosha, wembamba usimzuie. Afunge kula usiku, apimwe sukari asubuhi kabla ya chai. Ikiwa 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi, kipimo kirudiwe siku nyingine ili kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo ndipo kutembea na kupunguza sukari huleta tofauti kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa chini ya hapo, arudi baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi kiuno kikianza kupanuka huku miguu na mikono ikibaki myembamba.